Ekseli Mbili, Birere

Paluku amezilaza mbili juu ya jiwe la volkano;
vitundu vya jiwe vinakunywa mafuta.
Natia alama ya chaki, nazungusha, nahesabu.
Ya Hilaksi: meno arobaini na moja kwa kumi, sili imechoka.
Ya Prado: arobaini na tatu kwa kumi na moja,
safi, ila imezidi vidole vitatu kila upande.
Boliti sita kwa sita, ashukuriwe Mungu.

"Na difu ya mbele?"
"Ina kumi."

Basi. Ile nzuri ingegombana na mwenzake
kwenye tope la Sake,
huyu akivuta, yule akisita,
mpaka kitu kilie.

Nachukua yenye sili mbovu.
Dola mia tatu. Noti moja imechanika ncha;
Paluku anaiinua juani,
anairudisha.