Funga Vioo

Oktoba hii jua la Tabora limekaa juu ya bati la gereji yangu
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.
Nyamizi akaingiza pikapu kinyumenyume,
madebe ya asali yakigongana nyuma,
akashuka na shingo iliyovimba kwa mbung'o.
Hakusalimu.
"Fundi, kule Ipole ukishusha kioo unaliwa,
ukipandisha unaiva.
Nimechoka kuchagua."

Nikawasha. Kiyoyozi kikapuma hewa ya moto,
kama mtu anayekusimulia shida zake karibu mno na uso.
Gesi kidogo ilikuwa imebaki. Nikapaka povu la sabuni,
nikasubiri.
Kompresa haina kosa. Mabomba hayana kosa.
Chini, pembeni mwa kondensa, povu moja likavimba taratibu,
likapasuka, likavimba tena:
tundu dogo kuliko jicho la sisimizi,
na hapo ndipo ubaridi wote ulipotokea,
safari baada ya safari, bila kuaga.

"Halizibiki?"
Linazibika, nikasema, kama mdomo wa shangazi msibani.
Akacheka, mara ya kwanza.
Agiza mpya.

Siku nne akaendesha hivyo hivyo.
Ya tano akaja alfajiri moja kwa moja kutoka porini,
boksi nimeshalichukua kwenye basi la Dar.
Tukavua grili, tukavua bampa.
Bolti ya kushoto ikatoka kwa adabu.
Ya kulia imeolewa na kutu, haitaki talaka.
Nikaipa oili, nikaipa muda,
nikaipa nyundo,
kwa mpangilio huo.

Ya zamani ikatoka, nyepesi kuliko nilivyodhani.
Nikaiegemeza ukutani
na Nyamizi akachuchumaa mbele yake kama anayesoma barua.
Kati ya mapezi: nyuki waliokauka, nyuki wengi,
mbegu za nyasi, nusu ya kipepeo,
vumbi lililoshikana likawa udongo,
na unyoya wa kanga, madoa yake bado meupe.

"Huyu kanga ni wa baba," akasema.
"Mwaka wa madebe arobaini. Hakusimama kumwokota.
Mama alimsema mpaka masika."
Akauchomoa kwa ukucha,
akautia kwenye pochi, kati ya leseni na risiti ya dizeli.
Nilimfahamu baba yake.
Hakuwahi kuwasha kiyoyozi, alisema kinakunywa mafuta.
Huenda tundu lilianza enzi zake,
asijue, nalo lisimdai.

Mpya ikakataa kukaa. Sikio moja limepishana na bolti
upana wa kidole,
na muuzaji aliapa kwa simu kuwa ni ya gari hili hili.
Nikatoboa upya.
Nikapaka oringi mafuta ya kompresa,
nikakaza kwa mkono kwanza, aluminiamu haipendi mabavu,
nikabadili na chujio, maana
fundi anayeliacha la zamani anajiwekea ugomvi wa Desemba.

Kisha pampu ya kunyonya hewa, dakika arobaini.
Sindano ya geji ikashuka chini ya sifuri, ikalala huko.
Nikazima pampu.
Kazi yenyewe ndiyo hii: kuitazama sindano isiyotembea.
Shija, mwanafunzi wangu, aliona ni uvivu, akaenda kununua mihogo.
Nyamizi alibaki. Mrina asali anajua kukaa kimya
mbele ya kitu kinachoweza kumuuma.

Haikutembea.

Gesi ikaingia. Bomba likatoka jasho.
Matundu ya kebini yakakohoa vumbi, yakakohoa tena,
ndipo ukaja ubaridi, mwembamba kwanza,
wenye harufu ya moshi wa mizinga.

Akalipa nusu fedha, nusu asali;
mke wangu atajua kupiga hesabu.
"Panda tujaribu," akasema. "Funga vioo."

Juu ya dashibodi, mbele ya tundu la hewa,
mbung'o mmoja aliyekuja naye asubuhi
alikuwa ametulia, mabawa yamelaliana kama mkasi.
Nyamizi akavua ndala, akainua mkono.
"Subiri," nikasema, "mwache apoe."

Akasubiri.
Alipopoa, akampiga.