Mwenyewe Nani

Mizani ya sangara leo imepima timba:
kilo arobaini na moja, maji bado yachuruzika.
Ndani mna sato kumi na watatu, macho meupe,
mnandi aliyezama akifuata mlo wa bure,
na fisimaji mchanga, uzi ungali menoni.

Mimi karani wa mwalo, hapa Kayenze.
Tarehe nimejaza. Uzito nimejaza.
Kwenye safu ya mwenyewe kalamu imegoma.

Alfajiri tuligombana kwanza: mafuta ya nani?
Owiti katoka Mfangano na kulabu zake,
Ssenkubuge na ramani ya vina, pembe zimelowa.
Kamba ilipokaza, kila mtu alihesabu kwa kwao,
adek, ssatu, idatu,
wavu ukapanda kwa mkupuo mmoja.

Nyamizi fundi apapasa mafundo kama asomaye:
"Hili la Mfangano, huvutwa kushoto.
Boya ni kandambili, chapa ya Kampala.
Na kiraka hiki..."

Kimya.

"Kiraka changu. Mwaka aliopotea Bugeraha,
yeye na mtumbwi na kila kitu."

Miaka tisa, basi, umevua bila mvuvi,
umevuka mipaka bila hati,
haukupumzika hata mwezi mpevu
karabai zote zilipozimwa.

Owiti akavua kofia.

Nimeandika: *sisi*.
Wilayani watairudisha fomu, nawajua.
Nyamizi kaazima mkasi wangu,
kiraka kakikata, kakikunja kama leso.
Iliyobaki yangoja lori, na inzi,
na mizani naiosha, sangara wa leo wanakuja.