Kikohozi Upande wa Pili

Tulirekodi ghalani, kwa wanaushirika wa asali,
Tabora, Gongoni,
maana kuta za ghala zilikuwa zimelowa nta
na Mihayo alisema nta haina umbea:
sauti ikiingia, haitoki kwenda kusimulia.

Gita lilikuwa na nyufa mbili.
Mmoja aliuziba kwa nta hiyohiyo.
Wa pili aliuacha:
"Gita nalo lazima livute pumzi."
Uzi wa sita ulikatikia Sikonge, kwenye harusi ya watu,
akafunga waya wa breki wa baiskeli ya baba yangu.
Mwezi mzima mzee alisimama kwa visigino.

Nyimbo nane. Tulikesha mara nne.
Betri nilizianika juani mchana
zipate nguvu ya usiku mmoja zaidi,
na kazi yangu nyingine ilikuwa kunyamaza.

Hatukuwa na ratiba ila ya treni.
Ya Kigoma ikipiga honi, tunangoja.
Ya Mwanza ikipiga honi, tunangoja.
Ila wimbo wa tatu, ule wa Nyamizi aliyeolewa Urambo,
honi iliingia katikati ya ubeti,
na Mihayo, badala ya kuacha,
akapandisha sauti akaifuata
kama mtu anayekimbilia behewa, mzigo kichwani,
kiatu kimoja kimebaki stesheni.
Hatukurudia. Treni hairudiwi.

Baadaye Dar ikamchukua.
Wakampa tarumbeta tatu, suti ya kung'aa,
gita la umeme lisilojua harufu ya asali.
Akiulizwa habari za kanda ile, hucheka:
"Utoto tu. Nilikuwa natafuta sauti."
Sawa.
Lakini mimi nilikuwapo alipokuwa akiitafuta,
na naapa aliipata,
Jumanne, saa nane usiku, wimbo wa sita,
akaipita bila kugeuka,
kama mrina asali aliyepita chini ya mzinga uliojaa
akiwaza mizinga ya mbali.

Kanda iliyobaki ninayo mimi.
Imeliwa hapa na pale. Ikikwama nairudisha kwa penseli,
polepole, jino baada ya jino.
Wajukuu wanasikiliza kwa adabu, macho mlangoni.
Kisha, upande wa pili, kabla ya wimbo wa mwisho,
pale anapovuta pumzi
na waya wa breki unaanza kunguruma,
mtu anakohoa.

"Babu, nani huyo kaharibu?"

Usiku ule upepo ulitoka kwenye mabani ya tumbaku,
nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
ngumi mdomoni, machozi yananitoka,
nikihesabu: moja, mbili, usikohoe, tatu.
Mihayo angeweza kukifuta.
Alirudisha kanda, akasikiliza mara mbili, kichwa kimeinama.
"Kiache," akasema. "Wimbo unaanzia hapo."

Nawaambia wajukuu simjui.
Nageuza kanda.