Jiwe Linacheza

Niliandika maneno mawili tu kwenye daftari la baladia,
tarehe tatu Mei, kwa kalamu iliyokuwa ikikata roho:
jiwe linacheza.
Kipandio cha thelathini na moja, njia ya Riyam kwenda Mutrah,
pale mlima unapojikunja na bahari inapotoweka,
chini ya alama ya njano, nyeupe na nyekundu
niliyoipaka mwenyewe mwaka juzi, nimechuchumaa,
kopo kati ya magoti, mbuzi wawili wakinikodolea.

Nikasaini, nikapeleka. Karatasi ikaingia treini,
treini ya wino na mihuri, isiyo na kituo.

Tarehe kumi na tisa akapita Shofiqul, fundi wa plasta,
Ijumaa, siku yake pekee ya kumiliki miguu yake.
Alipanda kabla ya adhana, maana jua la Mei huku
halimngoji mtu amalize chai.
Ndala miguuni, chapati imeviringwa kwenye gazeti.
Jiwe likacheza.

Kifundo cha mguu, mahali pawili. Ubavu mmoja.
Aliteremka kwa makalio hadi barabarani,
akimwomba radhi kila aliyepishana naye.

Tulikaa chumba namba tatu, kipoza hewa kinakohoa.
Ustadh Muhenna, mwanasheria wetu, mtu mpole,
dishidasha imenyooka kama hoja zake,
alilifungua faili kwa ncha ya kidole.
Kibao kipo? Kipo. Lugha ngapi? Mbili.
Kinasemaje? Kinasema: Unapita kwa dhamana yako.
Basi, akasema, hatari ilikuwa wazi,
mwenye macho haambiwi tazama.
Nikamuuliza: hata gizani? Hata kwa lugha isiyo yake?
Akaandika kitu. Akakifuta.

Wenzetu walipotoka akafunga mlango
akahamia Kiswahili, kile cha nyumbani,
maana mama zetu wote wawili walizaliwa Ng'ambo
na ofisini lugha hiyo ni droo yenye ufunguo.
"Shinuna," akasema, "lile jiwe ungelinyamazia,
leo tungesema hatukujua. Asiyejua hadaiwi.
Wewe umetujulisha. Kwa maandishi. Na tarehe."
Hakunikaripia. Alisema kama daktari
anayesoma picha ya mfupa.

Wiki iliyofuata fomu mpya zikaja, nzuri, zina visanduku:
Hali ya njia: nzuri sana. Nzuri. Ya kuridhisha.
Hakuna kisanduku ambamo jiwe linaenea.

Nilimpigia Shofiqul. Hakuuliza fidia.
Aliuliza kama bosi wake atapata habari
kwamba alikuwa mlimani.

Nikamsimulia mama, yupo jikoni anachambua mchele.
Hakunipa methali, ashukuriwe Mungu.
Alisema ngazi ya kwao ilikuwa na ubao mbovu,
na baba yake, fundi alipokawia,
alitundika kopo la maziwa lenye kokoto,
ukikanyaga karibu linalia,
mguu unasikia kabla jicho halijaona.
"Fundi alikuja?" nikauliza.
"Alikuja. Baada ya miaka miwili. Kopo tukalizoea,
tukaliona kama mtu wa nyumbani."

Jumamosi, si siku yangu ya kazi,
nimepanda na mfuko wa saruji, nimeishia nusu njia,
mgongo umekataa na maji yamekwisha.
Saruji nimeiacha chini ya mwamba, nitaifuata.
Kwenye kipandio cha thelathini na moja
nimefunga kopo langu la rangi, kokoto saba ndani,
waya umezungushwa kwenye chuma cha kibao.

Najua atakavyosema Ustadh Muhenna:
kopo hilo nalo ni ushahidi.
Ni kweli. Nimelipaka rangi nyekundu lionekane.
Na kwenye fomu mpya, pembeni, nje ya visanduku,
kwa kalamu nyingine, yenye wino:
jiwe linacheza.
Bado.