Soksi ya Kijivu

Joto la Desemba hapa Tabata haliukati mpira.
Linaulamba tu, polepole,
kama mtoto na pipi ya kijiti,
mpaka siku unapouvuta
ndipo unajua kumbe ulishaisha zamani.

Ilikuwa Jumanne.
Kunguru juu ya ukuta wa Mama Ngosha,
mdomoni kifaranga changu, cha nne wiki ile.
Shomvi akaichomoa manati dirishani,
pale kwenye msumari ilipoanikwa
na jua la saa saba tangu Ramadhani.
Akavuta. Akafumba jicho moja.
Mpira ukakatika penye fundo,
na bahati yake, lile alilofumba
ndilo lililochapwa.

Likaumuka kama andazi.
Kunguru wala hakuacha kula.

Mimi nimekaa stoo ya hospitali miaka ishirini na sita,
nikihesabu glovu, katheta,
na mipira ya kufungia mkono mtu akitolewa damu.
Najua mpira ukiugua unavyonuka.
Unaanza kwa kunata, kama vidole baada ya fenesi,
kisha unakauka,
kisha nyufa, nyembamba, kama za kisigino cha dobi.
Nikamkanda jicho kwa maji ya chumvi
huku namsema.

Kwanza, nikamwambia, ukienda Kariakoo
usikate mpira wote kwa pupa.
Kata wa kutumia, mwingine uache mzima.
Usiushike umetoka kula samaki:
mafuta yanautafuna bila kelele.
Upake poda, ile ya mtoto mchanga, kidogo tu,
kama unayempaka mtu shingoni.
Usiukunje. Usiupige fundo la kujifunza.
Na usiuache kwenye panda umekazwa usiku kucha;
hata punda hufunguliwa.
Ulaze chali kwenye chupa ya asali, kavu,
chupa uivishe soksi mwanga usichungulie,
uisukume uvunguni, kwenye saruji.
Juu ya friji, hapana. Mota ina pumzi yake,
na mpira hauipendi.

“Mwanamke,” akasema, kitambaa kikimdondoka usoni,
“hii ni manati au ni mgonjwa?”

Jioni nikamkuta amepiga magoti,
soksi moja mguuni, nyingine ameivisha chupa.

Mipira ile ilivuka masika mawili na vuli yake.
Kunguru wakaanza kupita mbali na paa letu,
wakimwachia Mama Ngosha balaa lote,
naye akanuna, akaacha kunisalimia
mpaka nilipompelekea mayai.

Kisha Shomvi akapata kazi Mtwara,
kulinda ghala la korosho.
Huku ndege, kule wezi, akasema, mshahara ni mmoja.
Manati hakuichukua.

Kila Jumapili usiku anapiga simu.
“Mipira haijambo?”
Haijambo.
“Imelala?”
Imelala, chali, kama ulivyoiacha.
Hapo sauti inakatika kidogo, mtandao au yeye,
ndipo anauliza: “Na wewe?”

Sijawahi kupata jibu la swali la pili
ambalo halifanani na la kwanza.

Jana nimeivuta chupa, nikaivua soksi.
Poda imeganda kwenye kioo,
na ndani yake alama ya dole gumba, pana,
sikuifuta.
Nikafunga mpira kwenye panda,
nikatoka uani na khanga yangu ya kulalia.
Kunguru alikuwa pale pale ukutani,
huenda ni yule, huenda ni mjukuu wake.

Nikauvuta mpaka sikioni.
Ukaja, laini, wote, bila kusita.
Nikaurudisha taratibu. Sikuweka jiwe.

Kunguru akainamisha kichwa upande,
kama mtu aliyesikia jina lake
likitajwa nyumba ya pili.