Sentimita ya Nne

Hakuja na sindano. Ndiyo maana nilimfungulia.
Alikuja na mkasi, karatasi ya foili,
na vichupa viwili vya vifuniko vyekundu.
"Damu hatuhitaji, Mama Zoila.
Mkojo wa alfajiri, wako na wa mtoto,
na nywele zake, unene wa njiti ya kiberiti,
tuzikate kisogoni, karibu na ngozi."

Tamia ana miaka sita, hajawahi kunyolewa.
Huku chini ya mlima Cayambe nywele hazitupwi ovyo;
zangu za kwanza mama alizifukia shambani, kwenye mahindi.
Za mwanangu zikafungwa uzi,
zikalazwa kwenye foili, zikaitwa 117,
na mshale wa kalamu kuonyesha upande wa shina.

"Mkojo ni mbea," akasema Nelva, akipima kwa rula ya shule.
"Huropoka ya jana, ya juzi umeshasahau.
Nywele ni karani. Kila mwezi, sentimita moja."

Nikahesabu kutoka shinani.
Aprili. Machi. Februari.
Nikafika ya nne, nikanyamaza.

Januari dunia nzima hutaka waridi.
Tulilala saa nne kwa usiku. Nailoni ya banda ilitoka jasho,
na mtu wa pampu akapita mstari wa jirani
kabla hatujamaliza kukata.
Mahali fulani mwanamume atamwambia mtu anampenda,
basi ua lisiwe na doa.
Nikarudi nyumbani na aproni ileile ya buluu.
Tamia akanirukia, akazika uso tumboni mwangu.
Sikumwambia ngoja kwanza ninawe.
Nani humwambia mtoto ngoja?

Kikulacho ki nguoni mwako:
nilikuwa nadhani ni habari ya chawa.

Majibu yalichukua wiki tisa.
Majina manne marefu, na mbele ya kila jina, pikogramu.
"Ni nyingi?" nikauliza.
Nelva alitazama karatasi kuliko inavyohitaji kutazamwa.
"Ni nyingi kuliko za watoto wa juu, kwenye malisho.
Nyingi kiasi cha kudhuru, hilo bado hatujui."
Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Sikumkaribisha chai.

Siku hizi kuna msumari nje, karibu na pipa la maji.
Aproni hubaki hapo.
Tamia husimama mlangoni, mikono juu, akipiga kelele nifanye haraka.
Usiku hugusa kile kipara kidogo kisogoni
na kuuliza lini watamrudishia.