Mlango kwa Mlango

Mutheu wa mapokezi ameniwekea karatasi mbili kwenye kaunta:
moja nyororo, ina picha ya twiga,
nyingine imechanwa kwenye daftari la hesabu.
"Mama, chagua usiku huu. Asubuhi Ngara haina subira."

Ya twiga ni gari la watalii.
Linakufuata mlangoni saa kumi na mbili,
linakushusha mlangoni, Moshi.
Maji ya chupa. Kiti kinacholala.
Begi moja, kilo kumi na tano, basi.
Elfu nne na mia tano za huku.
Nazidisha kwa ishirini, kimoyomoyo,
napata gunia la mahindi na mtu wa kulibeba.

Ya daftari ni basi la abiria, Barabara ya Accra,
elfu mbili, buti halina mizani.
Likifika stendi, limefika.
Kutoka hapo utajijua.

Nami nina overloki.
Nimeizungukia siku tatu Gikomba,
nimeifunga blanketi, fundo juu,
imelala chini ya kitanda changu nambari saba
kama mtoto wa mtu mwingine.

"Lakini wewe ni mgeni huku," asema Mutheu,
"na mgeni ni mtalii."
Najitazama kwenye kioo cha ukutani.
Nimetalii nini? Bei ya uzi.
Msafiri maskini, walisema, ajapokuwa sultani.
Asiyekuwa sultani hawakumtaja,
labda walimwona stendi, wakaona aibu.

Sisemi uongo: natamani.
Goti langu la kushoto limeshachagua twiga.
Kwangu anayenifuata mlangoni ni mweka hazina wa kikoba,
na hajawahi kuja na maji ya chupa.
Ningependa, mara moja, dereva ashuke,
aulize jina langu kwa upole,
anifungulie.

Kisha nakumbuka. Nimeshasafiri hivyo.
Mlango wa hospitali, saa tatu, wakatufungulia.
Anaeli amelala nyuma, mimi mbele na dereva,
hatukusimama popote, hakuna aliyepanda,
hakuna aliyeuza karanga dirishani.
Tulishushwa palepale tulipokuwa tunakwenda,
kwenye mlango ule usio na bawaba.
Dereva alikuwa mpole. Aliuliza jina.

Mutheu anabofyabofya kalamu.

Hajui kwetu. Kutoka stendi hadi kwangu
ni mwendo wa nusu saa kwa asiyejulikana,
kwangu mimi ni saa moja na robo.
Kuna Bi Tunu na chapati zake: "Nairobi wanakulaje?"
Kuna Hamadi wa baiskeli, atakayetaka kuipima overloki kwa macho,
aniambie nimepunjwa.
Kuna mtoto wa Ndealilia, atapokea mkoba
bila kutumwa, atauangusha, ataomba radhi.
Nikifika mlangoni habari zangu zimeshatangulia kuingia.
Gari la twiga lingepita hapo vioo juu,
lingeniingiza ndani kama bahasha.
Nani angejua nimerudi?

"La daftari," nasema.
Goti linasonya.

Mutheu haandiki kitu. Ananiangalia,
anaangalia saa, zamu yake inaisha kumi na moja alfajiri.
"Na hicho chuma? Kutoka hapa hadi Accra utakibeba na nini?"
Sikuwa nimefikiria. Nilifikiria stendi ya kule tu,
ile ya hapa nikaisahau.

Kumi na moja na dakika tano giza bado liko mtoni,
malori ya mboga yanateremka kuelekea sokoni.
Amevaa sweta la shule, labda la mdogo wake,
hanisalimu kama wa mapokezi tena.
"Shika huko," asema,
anashika upande wake wa fundo,
tunainyanyua pamoja,
tunapishana na gari jeupe linalotafuta geti,
taa zake zikisoma milango, mmoja mmoja.